Manyoya Ndani ya Barakoa

Marehemu alikutwa ameegemea meza yake ya maabara, barakoa usoni, mkono mmoja ndani ya mfuko mtupu wa koti. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Pumu," daktari wa polisi alisema. "Na ndani ya barakoa kuna manyoya ya panya."

Inspekta alikunja uso. Mwanamke huyu alikuwa mtafiti wa pumu hiyohiyo. Ndiye aliyeonyesha kwamba neva za mapafu zikiguswa na vumbi hupeleka ishara kwa seli za kinga, nazo hukurupuka na kuvimbisha njia ya hewa. Vumbi na manyoya ya panya wa majaribio yalimbana pumzi mno, hata chumbani mwao hakukanyaga. Aliyewatunza ni mdogo wake, na sheria ya pale ni kuoga na kubadili nguo kabla ya kutoka kwa panya.

Mwili ulipochukuliwa, Inspekta alimkalisha mdogo mtu kwenye stoo ya chakula cha panya. Macho yake yalikuwa makavu, jambo ambalo Inspekta hakulipenda hata kidogo.

"Nani mwingine huingia kwa panya?"

"Mimi tu."

"Leo ulioga ulipotoka?"

"Naoga kila siku, afande."

"Basi manyoya yalijipeleka yenyewe kwa dada yako. Toa vilivyo mfukoni."

Mkono ulisita, kisha ukaweka mezani inhela ya marehemu, dawa yake ya kuvuta anapobanwa.

"Sikutaka afe." Sauti ilimkatika. "Tangu utotoni, dada akikohoa tu nyumba nzima inasimama. Mama analala naye. Mimi mzima, nani aniangalie? Nilimwonea wivu hata ule ugonjwa. Nikasema leo abanwe kidogo, nije mbio na dawa, mama ajue mimi ndiye niliyemwokoa."

"Mbona ulichelewa?"

"Nilipima kwa panya. Panya akivuta vumbi, hukaa kitambo ndipo abanwe. Nikaona nimalize kwanza kusafisha vizimba." Alijifuta pua kwa kiganja. "Neva za dada zimeshtuka miaka yote hiyo, afande. Hazikungoja."

Inspekta alimwonea huruma, kisha akajikasirikia. Akatoa pingu.

"Mama keshapata habari?" mdogo mtu aliuliza.

"Keshapata. Keshafika."

"Ameniulizia?"

Inspekta alikuwa hodari wa kuwadanganya wahalifu, lakini uongo ulimgoma.

"Hapana," alisema. "Yuko mochwari. Hataki kubanduka kwa dada yako."