Kaburi la Miaka

Kamba ilikuwa mbichi.

Librado Tecuapetla, msimamizi wa wachimbaji, aliigusa kwa kidole cha shahada akasikia utomvu ukimwasha, kama unavyomwasha mtu aliyekata jani la mkonge asubuhi ile ile. Alijifuta kwenye suruali, akarudi nyuma hatua moja. Kaburi lile, chini ya ua wa nyumba ya ukoo wa Galván, katika Iztapalapa, karibu na kilima cha Huixachtecatl, lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1507. Wao watatu ndio waliokuwa wa kwanza kuingia.

Hapakuwa na maiti ndani. Palikuwa na kuta zilizochongwa mafuvu, na katikati, juu ya jiwe, tita la matete hamsini na mawili. Wamexica, wenyeji wa kale wa nchi ile, walizika miaka kama walivyozika watu. Ikitimia hamsini na miwili waliifunga pamoja, tete moja kwa kila mwaka, wakaijengea kaburi.

"Daktari, kamba hii haijakauka," alisema Librado.

Daktari Evarista Olmedo, mkuu wa uchimbaji, hakugeuka. "Ni unyevu, Don Librado. Hapa pote palikuwa ziwa."

"Unyevu haumwashi mtu kidole."

"Basi ngozi yako ni ya mtoto mchanga. Natividad, mbembeleze baba yako."

Natividad, binti yake Librado, ndiye aliyekuwa mchoraji wao. Alicheka, ubao wa kuchorea ameuegemeza juu ya tumbo lake la miezi saba. "Baba huogopa chochote kilichofungwa. Hata zawadi zake humwachia mama azifungue."

Daktari alitoa wembe. Kazi yao ilikuwa na desturi moja: kila kilichopatikana hukatwa kipande, kikawekwa kwenye mfuko, kikaandikwa namba.

"Usiikate," alisema Librado.

Akaikata.

Tita lililegea, likatoa sauti ya mtu anayeshusha pumzi aliyoizuia siku nyingi. Redio ya jikoni kwa akina Galván, iliyokuwa ikiimba juu yao, ilinyamaza. Zile ngazi za mbao walizoshukia hazikuwepo tena. Palikuwa na vidato vya mawe vilivyopakwa chokaa mpya, na juu yake mwanga wa jua la alasiri.

Walipanda. Nyumba ya Galván haikuwepo, wala barabara. Kulikuwa na maji hadi kwenye milima, na ukingoni watu wakivunja vyungu vyao na kutupa mafiga ziwani. Hakuna paa hata moja lililofuka moshi. Librado hakuhitaji kuuliza. Bibi yake, Maximina wa Santa Ana Tlacotenco, alikuwa amemsimulia kwa lugha ya nyumbani habari za siku tano zisizo na kazi, pale miaka inapofungwa: mioto yote huzimwa, na wanawake wenye mimba huvalishwa vinyago vya majani ya mkonge na kufungiwa vihengeni mpaka moto mpya uwashwe kilimani.

Jiwe la kwanza lilimpata Librado begani. Wanaume wanne walikuja na marungu, wakasimama mbali kidogo, macho yao kwenye tumbo la Natividad. Kikongwe mmoja mwenye kapu aliwapita, akamsogelea Librado mpaka akasikia pumzi yake.

"Nani kamtoa mwenye mimba uso wazi leo? Nyie ni wa mtaa gani, msio na haya?"

Lugha ilikuwa ile ile ya Maximina, ila nzito zaidi. "Bibi, tumepotea."

"Mbwa ndio hupotea. Nyie mmekata kamba, nimeisikia." Alitoa kapuni vinyago viwili vya kijani, akamtupia. "Wavae wawili. Jua likizama, yule mwanamke wa mifupa atashuka kutafuta tumbo la kukaa. Asiuone uso. Akiuona, ataingia, na aliyeingiwa atakula watu. Kafungeni mlichofungua, muende zenu. Mkitoka tena hapa tutawaua."

"Wawili, bibi? Mwenye mimba ni mmoja."

"Nilikuwa nazalisha kabla wewe hujazaliwa. Utanifundisha kuhesabu? Wawili."

Walisukumwa chini kwa marungu, na jiwe likaburutwa mlangoni. Librado aliwasha tochi. Daktari Evarista alikuwa ameshampokonya vile vinyago, na kimoja kilikuwa tayari mfukoni, kimeandikwa namba.

"Alisema nini yule?" aliuliza.

"Wavae wawili."

Kalamu ilisimama. "Kizee hajui kuhesabu," alisema Daktari, akaandika namba ya pili.

"Nipe, Daktari."

"Don Librado, majani hayadumu ardhini. Hakuna aliyewahi kupata hata kimoja. Unataka nivichafue kwa jasho?"

"Nipe cha mwanangu."

"Ni mali ya taifa."

"Baba," alinong'ona Natividad, "kuna mtu juu ya dari."

Librado hakujadiliana tena. Aliuchana mfuko mmoja, akamfunga binti yake kinyago usoni. Alipogeuka kuchukua cha pili, Daktari alikuwa amekikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, amejibanza kwenye kona. "Sina haja nacho," alisema. "Nina miaka arobaini na mitatu. Sina haja nacho."

Upenyo wa mwanga kandoni mwa jiwe ulibadilika ukawa mwekundu, kisha ukafa. Librado alipiga magoti akashika ncha mbili za kamba, na wakati vidole vyake vinatafuta fundo ilikuja harufu ya maziwa yaliyochacha na damu ya uzazi, ikafuatwa na mlio wa makombe ya konokono yanayogongana kwenye sketi ya mtu anayeshuka taratibu, ngazi kwa ngazi, ingawa ngazi zilikuwa nyuma ya jiwe ambalo wanaume wanne walilisukuma kwa shida, na tochi ikamwonyesha mifupa ya miguu iliyokuwa na kucha, ikapita karibu naye bila kumjali kama apitavyo mkunga karibu na mume, ikasimama mbele ya Natividad, ikamnusa paji, ikamnusa mashavu, ikatafuta uso mahali pa uso na kukuta majani tu, huku binti yake akijizuia kupumua na machozi yakidondoka kutoka chini ya kinyago mpaka kwenye ubao wake, kisha ikageuka, ikaenda kwenye kona.

Pale ilipiga magoti, ikalaza sikio juu ya tumbo la Daktari Evarista Olmedo.

"Hapana," alisema Daktari kwa sauti ndogo. "Hapana, tafadhali. Hata mama yangu hajui."

Mfuko bado ulikuwa umekumbatiwa. Librado alikuwa na uwezo wa kuinuka akauchane, hatua tatu tu, lakini kamba ingemtoka mikononi. Alimtazama Natividad. Akakaza fundo.

Redio iliimba.

Ngazi za mbao zilikuwepo. Kinyago kilimwanguka Natividad kikawa vumbi, naye akamshika baba yake mkono. Daktari alikuwa amesimama wima, anajipangusa midomo kwa nyuma ya kiganja. Mfuko wake wa namba ulikuwa na vumbi tu ndani. Aliuachia ukaanguka, akaukanyaga akipita. Kwa miaka kumi na moja aliyofanya naye kazi, Librado hakuwahi kumwona akikanyaga kitu chenye namba.

"Twendeni," alisema. "Nina njaa."

Yalipita majuma tisa. Natividad alijifungua salama, mtoto wa kike, akaitwa Eufrosina Maximina. Daktari Evarista hakuonekana kazini. Walisema ameomba likizo, wengine wakasema ni mjamzito, wakacheka kwa umri wake. Librado hakucheka. Kila siku alijiambia angemtembelea, na kila siku alipata sababu ya kutokwenda.

Akaja mwenyewe, saa saba mchana, jua kali. Librado alimfungulia mlango nusu. Alikuwa amevaa vizuri, amechana nywele, na tumbo lake lilikuwa bapa.

Librado alihesabu miezi moyoni. "Pole sana, Daktari."

"Usinipe pole," alijibu kwa upole. "Alikuwa mdogo tu." Alitazama juu ya bega lake, ndani ya nyumba. "Wa Natividad ana kilo ngapi?"

"Hawapo. Wamekwenda Tlacotenco kwa shangazi yake."

Ndani, Eufrosina alilia.

Daktari alitabasamu, si kwa hasira. Librado alifunga mlango, akasukuma komeo la juu, la kati, na la chini, akaegemeza kiti kwenye kitasa. Akamsikia akikaa kizingitini, akilaza mgongo wake kwenye mlango kama mtu aliyepata kivuli.

"Nitangoja, Don Librado," alisema kutoka nje. "Mnyonyesheni kwanza."