Ufunguo Mfukoni mwa Mkuu wa Zimamoto

Jumapili ile mkuu wa zimamoto alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, chakula cha mchana kimeshuka vizuri, mkewe akipiga pasi huku akiimba. Sifa zake alizistahili, jamani. Rushwa hakuijua, na gari la kituo halikuwahi kubeba hata godoro la shemeji. Ila kila kitu alitaka akifanye mwenyewe, mpaka vijana wake wakambandika jina hilohilo: Mwenyewe. Mpira wa maji ukitoboka, unamsubiri yeye. Ufunguo wa gari nao ulikaa mfukoni mwake.

"Nikiwaachia watalichezea," alizoea kumwambia mkewe, kifua mbele.

Simu ikaita. Alikuwa dereva wa kituo.

"Mkuu, kuna nyumba inaungua nyuma ya soko. Tumeshavaa, maji yamejaa. Tunangoja ufunguo."

"Nyumba ya nani?"

"Ya mama yako, Mkuu."

Alitoka mbio na soksi. Na uchungu wenyewe ni huu, ndugu msomaji: kituo kilikuwa upande wa pili wa mji, kwa hiyo ilimbidi aupe mgongo moshi wa nyumba ya mama yake ili akafungue gari. Walipofika, paa lilikuwa limeshaanguka. Majirani ndio waliomtoa bibi wa watu dirishani, mkono umebabuka, na hakuokoa hata kanga ya kubadilisha.

"Mwanangu, gari lilikuwa wapi?"

"Kituoni, mama. Ufunguo nilikuwa nao mimi."

Mama akamtazama. "Kwa hiyo siku ukifa wewe, mji mzima uungue?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko moto. Kesho yake aliwakusanya vijana, akamkabidhi ufunguo kiongozi wa zamu, akaeleza nani ataamuru yeye asipokuwepo, na kwamba kila mmoja atatoa hesabu ya kazi yake. Dereva akauliza itakuwaje wakikosea.

"Tutajibu," alisema. "Wa kwanza mimi."

Miezi ikapita. Siku moja alikuwa kwa mama, wakipaka rangi ukuta mpya, king'ora kikapita barabarani kwa kasi. Mama akamuuliza kama haendi.

"Wameshakwenda, mama."

Jioni dereva alipiga simu: moto umezimwa, watu wote salama. Mwenyewe alikaa kizingitini na brashi yake, machozi yakimlengalenga kwa fahari. Hakuwahi kujivunia kazi yoyote ya mikono yake kama alivyojivunia ile ambayo hakuigusa.

FUNZO

Wenzangu mnaokalia viti vya umma, uaminifu peke yake hautoshi. Ofisi ni ya wananchi, nasi tunapita tu. Wagawieni walio chini yenu madaraka ili huduma isimngoje mtu mmoja, lakini lawama msiwatupie, kwani aliyekabidhi bado anawajibika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kiongozi hodari utamjua siku ambayo hayupo, na kazi inakwenda.