Paja la Fiachra

"Lala kifudifudi," Dervla alisema. "Nataka kulipima hilo paja."

"Sasa hivi? Chai yenyewe sijamaliza."

"Chai itakungoja."

Fiachra Tuohy aliweka kikombe chini, akajilaza kwenye kochi. Miaka mitatu ya mapenzi, na hajawahi kusikia sauti ile kavu. Dervla ndiye aliyekuwa mtaalamu wa tiba ya viungo wa klabu ya parokia ya Kilcreeva. Wachezaji wote wa parokia walipita mikononi mwake, na mikono ile haidanganywi mara mbili.

Akambonyeza karibu na goti. "Hapa panauma?"

"Aa! Hapo ndiyo penyewe."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo, mpenzi. Taratibu."

Dervla akaondoa mkono. "Wiki tatu zilizopita uliniambia msuli umechanika huku juu, karibu na kalio. Leo umehama nyumba?"

Fiachra aliuzika uso kwenye mto wa kochi, masikio yakimuwaka. Dervla akamsogezea simu. Binamu yake anayeishi parokia ya pwani alikuwa ametuma video: mwanamume mwenye kofia ya sweta, peke yake uwanjani alfajiri, anapiga mipira kwa fimbo yake ya hurling, ule mchezo wa Kiayalandi wa fimbo na mpira mdogo. Mmoja ukapita nje. Jamaa akaruka uzio kama mbuzi kuufuata.

"Mwenye paja lililochanika huyo," Dervla alisema. "Anaruka uzio."

"Dervla, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Sema."

Aseme nini? Julai, fainali ya Ireland nzima, uwanja wa Croke Park, watu elfu themanini. Timu ya kaunti, ambayo yeye huichezea mbali na klabu, ilikuwa nyuma kwa pointi moja, dakika ya mwisho, mpira wa adhabu wa kusawazisha. Fiachra akaupiga, ukapita nje ya mlingoti. Basi lilipokuwa linawarudisha nyumbani, mji mzima umetoka na bendera kuwapokea hivyo hivyo walivyoshindwa, yeye aliomba kushushwa kituo cha mafuta. Akakatiza mashambani. Dervla na mama yake Fiachra walisimama kwenye mvua kwa saa tatu wakimsubiri.

"Sikuweza kuwatazama watu usoni," alisema hatimaye. "Na msimu wa klabu ulipoanza, nikaona wataniweka tena kwenye adhabu. Nikaogopa. Basi."

"Ungeniambia unaogopa."

"Niliona aibu."

"Kwa hiyo ukaona heri uniaibishe mimi? Jina langu liko kwenye karatasi kwa kocha, nimeandika huyu hawezi kucheza! Mdogo wangu Lorcan amepiga adhabu zako mechi tatu. Tumefungwa zote, watu wanamzomea mpaka dukani, na mimi nyumbani namwambia vumilia, shemeji yako akipona atakusaidia."

"Nitamwambia kocha limepona. Jumapili nacheza."

Dervla aliichukua simu yake. "Yaani umetafuta dawa ya uongo, ukapata uongo mwingine."

Akachukua koti. Hata mlango hakuubamiza, na hilo ndilo lililomuuma Fiachra zaidi.

Saa moja baadaye, ujumbe ukaingia:

"Alhamisi kwenye mazoezi utasema mwenyewe mbele ya wote. Usiposema nitasema mimi, kisha naacha kazi ya timu. Usinipigie."

Fiachra alipiga simu mara sita. Haikupokelewa.

Alhamisi jioni, chumba cha kubadilishia nguo kilinuka matope na mafuta ya kuchulia. Jumapili Kilcreeva ingecheza mechi ya mwisho ya kuamua nani ashuke daraja. Miaka arobaini klabu haijawahi kushuka. Kocha Malachy, mfugaji mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya pili, alikuwa anataja kikosi Fiachra aliposimama.

"Kocha, samahani. Nina neno."

"Paja limepona?"

"Halijawahi kuuma."

Mtu akaacha kufunga kamba za viatu.

"Nilimdanganya Dervla, yeye akawaambia mlichoambiwa. Hana kosa. Nilikosa ile adhabu, nikaona haya, nikajificha. Lorcan, umebeba mzigo wangu. Nisamehe."

Lorcan, kijana wa miaka ishirini na mbili, nahodha, alikuwa anazungusha fimbo mikononi. "Nilikuwa nakuombea dua, shemeji," alisema polepole. "Kila usiku. Nakuombea paja."

Fiachra alitamani sakafu immeze. Ukutani kulikuwa na picha yake mwenyewe na jezi ya kaunti, anacheka kama bwege.

"Mpe nafasi yake Jumapili, kocha," mmoja alisema. "Tutagombana baadaye. Tunamhitaji."

"Hachezi," Malachy alisema. "Waliokuja mazoezini kwenye mvua ndio watakaocheza. Wewe, Tuohy, utabeba fimbo."

Wengine waliguna. Kubeba fimbo ni kazi ya wazee waliostaafu: unasimama pembeni na fimbo za akiba na chupa za maji, ya mtu ikivunjika unakimbia kumpelekea nyingine. Mchezaji wa kaunti kubeba fimbo, hiyo haijawahi kuonekana.

"Nitabeba," Fiachra alisema.

Mlangoni Dervla alikuwa amesimama na mkoba wake wa dawa. Alisikia yote. Alimpisha apite.

Jumapili habari ilikuwa imeshaenea parokia zote mbili.

"Fiachra! Paja halijambo?"

"Mpeni kiti mgonjwa wa watu!"

"Angalia usichanike tena kwa kubeba maji!"

Wa upande wa wapinzani walicheka. Wa Kilcreeva walinyamaza, na kimya chao kilikuwa kibaya kuliko kicheko. Mama yake alikaa mstari wa mbele, skafu ya klabu shingoni, anatazama mbele tu. Fiachra alikimbia na chupa, alikimbia na fimbo, jasho na haya vimemlowesha pamoja.

Dakika ya mwisho, Kilcreeva nyuma kwa pointi moja, mwamuzi akapuliza. Mpira wa adhabu. Lorcan akaangalia fimbo yake: ina ufa. Akainua mkono.

Fiachra akaingia mbio na nyingine.

"Wewe ungepigaje?" Lorcan aliuliza, akiipokea.

"Mimi nilikosa. Usiniulize mimi."

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Nilitazama jukwaa, nikahesabu watakaonicheka. Wewe tazama mpira tu."

Lorcan akautazama mpira tu. Aliunyanyua vizuri, akaupiga vizuri, ukapaa juu ya mtambaa panya, panapohesabiwa pointi, ukapinda kwa upepo, ukapita nje ya mlingoti kwa upana wa kiganja. Filimbi. Kilcreeva imeshuka daraja.

Lorcan aliitupa fimbo akaelekea lango la nyuma, kule magari yanakoegeshwa. Fiachra akamdaka jezi.

"Niache!"

"Sikuachi. Njia hiyo niliipita mimi Julai. Tunatokea mbele."

"Watanizomea."

"Wakizomea watatuzomea wawili. Twende, mdogo wangu."

Wakatoka langoni, mkono wa Fiachra begani mwa kijana. Mzee mmoja alimtazama Fiachra, akageuka akatema mate. Fiachra akayaona, akaendelea kutembea. Kisha mtu akaanza kupiga makofi. Mama yake Fiachra alikuja akamkumbatia Lorcan kwanza, kwa muda mrefu, ndipo akamgusa mwanawe shavu.

"Hivi ndivyo tulivyotaka kukupokea," alimwambia. "Hivi tu."

Fiachra alilia pale pale, mbele za watu, kile kilio alichokitoroka tangu Julai.

Alipofuta uso, Dervla alikuwa mbele yake na mkoba.

"Mguu upi unauma?" aliuliza.

"Hakuna. Yote mizima."

"Nilitaka kukusikia ukisema."

"Dervla, nirudishe."

"Jumanne saa moja kuna mazoezi. Daraja la chini, uwanja mbovu, hakuna wa kupiga picha. Utakuja?"

"Nitakuja. Na kwako je?"

"Kwangu bado. Anza na Jumanne."

Akatembea hatua mbili, akageuka. Jicho lilikuwa jekundu, lakini pembe ya mdomo ilikuwa imelegea.

"Sasa umesimama nini? Si wewe mbeba mizigo wa timu? Beba na mkoba wangu, tuondoke."

Fiachra akaubeba.