Beseni Tupu la Mama Nélida

Saa nane na dakika kumi mchana, Mama Nélida alifunua beseni jikoni mwa mgahawa wake, akapiga ukelele uliowasimamisha wapita njia wa mtaa wa Newtown. Mioyo ya ng'ombe aliyoikata jana na kuiloweka kwenye siki, bizari na pilipili nyekundu ya kwao Peru haikuwamo. Na magharibi Watanzania thelathini wangekuja kufuturu kwa mishikaki ya mioyo hiyo hiyo.

"Jocelyne!" Kiswahili chake alikiokota jikoni humo. "Saa saba umetoka na mfuko. Ndani nini?"

Jocelyne, Mkongo muosha vyombo, aligeuka na povu mikononi. "Ni uniform ya mtoto, Mama. Nilipelekea fundi. Miye si mwizi."

"Eish! Vua aproni."

Jocelyne alianza kufungua kamba. Kazi hiyo ndiyo iliyowaweka yeye na bintiye chini ya paa.

Mwanaasha, binti wa Tanga aliyetunga nyama vijitini, aliweka kisu chini. Hakuwa msemaji, macho ndiyo yaliyomfanyia kazi. "Mama, subiri. Nani mwingine aliingia leo?"

"Joël wa mkaa. Saa sita."

Akampigia simu.

"Mimi tena, dada?" Joël alicheka. "Moyo mbichi nikiuona natapika! Nimeshusha magunia mawili mlangoni, basi."

Mwanaasha alitazama mlangoni. Hapakuwa na gunia. Yote mawili yalikuwa yamelala juu ya sanduku la barafu. Akatazama rafu: pakiti ya chumvi iliyofunguliwa jana ilikuwa nusu. Mwisho akatazama brashi ya maganda ya mahindi, ambayo Mama Nélida huitumia kuipaka nyama viungo ikiwa motoni. Kila siku hulala ndani ya beseni. Leo ilikuwa kando ya sinki, imekauka, ncha zake nyeupe.

"Mama, jana ulitia chumvi?"

"Nilitia. Wageni wengi, sikutaka kungoja asubuhi."

"Nawe, kaka Karimu?"

Karimu mchomaji alikuwa akipanga makaa. "Si ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi?"

"Ulionja?"

"Dada, mchana wa Ramadhani! Nionjeje?"

Hapo Mwanaasha alijua. Lakini kujua si kuthibitisha. Ushahidi ulikuwa kwenye ulimi, na jua lilikuwa bado juu. Kwao, msichana mwenye udhuru hunywa maji kwa kujificha, hata baba yake asijue. Siku ya tatu hiyo alikuwa akijifanya amefunga.

Alimtazama Jocelyne, aproni mkononi. Akaokota brashi, akairamba mbele yao wote.

"Wewe si umefunga?" Mama Nélida alishangaa.

"Leo nina udhuru, Mama." Uso ulimwaka. "Na chumvi hii inaunguza. Imetiwa mara mbili. Kaka Karimu, toa magunia."

Karimu aliyatoa. Mle sandukuni mioyo ilikuwa imezama kwenye maji mekundu.

"Nimebadilisha maji mara nne," alisema, kichwa chini. "Saa sita Mama aliponiambia keshatia chumvi, nilikufa ganzi. Mgahawa wangu wa kwanza walinifukuza kwa kosa kama hili: aliyefunga hawezi kupika, njoo Idi ikipita. Nikasema niiokoe kabla hamjafunua."

"Ukamwacha Jocelyne avue aproni."

"Mdomo ulikuwa mzito, dada. Hilo ndilo linaloniua. Jocelyne, nisamehe."

Mama Nélida alimzunguka Jocelyne nyuma, akamfunga aproni kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo mara mbili. "Mimi pia, nisamehe. Karimu, hakuna kufukuzwa. Choma mshikaki mmoja tuonje."

Mshikaki wa kwanza alipewa Jocelyne, maana yeye hakufunga. Alitafuna taratibu, wote wakimkodolea macho.

"Eh, Karimu," alisema hatimaye. "Imekosa chumvi."

Karimu alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

Ilipoadhiniwa alasiri, Mwanaasha alikwenda stoo kuchukua vijiti. Nyuma ya ndoo alikuta bilauri ya maji baridi, imefunikwa kisahani. Hakumuuliza mtu. Juu ya kisahani palikuwa na alama za vidole vitatu, nyeusi kwa mkaa.