Jumapili kwa Mama

Gwantwa si mtu wa kutia chumvi, na ndiye aliyenisimulia haya. Yale ya Tunduma aliambiwa na kaka yake mwenyewe, mara moja tu, na hakutaka kuulizwa tena.

Kaka huyo ni Gwakisa, diwani wa kata moja pale Tunduma. Jumapili yalipoanza yote hayo aliamka saa mbili asubuhi, akachemsha chai, akainywa peke yake kwenye meza ya watu sita. Mke alishaondoka zamani. Kule barabarani malori ya mpakani yalikuwa kwenye foleni yakiunguruma. Alikuwa amemwahidi mama yake, Bi Tupokigwe, kwamba siku hiyo angepanda Ikinga, kijijini kwao milimani, kumwona, na hiyo ilikuwa ahadi ya nne. Lakini kura za maoni za chama zilikaribia, ubunge aliutaka kwa roho yake yote, na mwili ulikuwa umechoka.

Diana, aliyemwendeshea kurasa zake za mitandaoni, akapiga simu.

"Mheshimiwa, leo tunahitaji kitu cha nyumbani. Watu wanasema umeshakuwa wa mjini."

"Sina safari leo."

"Si lazima usafiri. Ninayo ile picha yako na mama."

Picha yenyewe ilikuwa ya miaka mitano nyuma. Gwakisa ameketi kwenye kigoda barazani, mkono begani kwa mama yake, anatabasamu. Amevaa shati la drafti za bluu lisilo na kifungo cha pili. Siku ile mama alimwambia alivue amshonee, naye akasema atalileta safari nyingine. Hakulileta. Diana akaipandisha na maneno: "Leo nimeamkia kwa mama, Ikinga."

Kufika mchana picha ilikuwa imependwa na maelfu. "Anayemkumbuka mama yake hatatusahau sisi," mmoja aliandika. Gwakisa alisoma maoni hadi chai ya pili ikapoa. Alijisikia kupendwa, na simcheki, maana siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyemsalimia.

Kesho yake mama akapiga.

"Baba, jana umeondoka bila kuaga. Na chakula hukugusa."

"Mama, mimi sikuja jana."

Mama akacheka taratibu. "Haya. Ila ulikaa. Nimefurahi."

Gwakisa alijiambia ni umri. Tena, tuseme ukweli, alipata nafuu. Mama ameridhika, wapiga kura wameridhika, na mafuta ya gari hayajatumika. Jumapili iliyofuata Diana akaikata picha ile ile upande mmoja, akabadili rangi kidogo, akaipandisha tena. Ikawa hivyo Jumapili nne. Jina la Gwakisa likapanda, wajumbe wa chama wakaanza kumpigia simu wenyewe.

Jumatano baada ya Jumapili ya nne, Gwantwa, aliyeishi na mama kule Ikinga, akapiga. Alikuwa ananong'ona.

"Kaka, tumekukosea nini?"

"Kwa nini?"

"Ukija husemi. Unakaa pale kwenye kigoda, unamwekea mama mkono begani, unatabasamu. Mama anakohoa wiki ya pili sasa. Jumapili nimekuomba tumpeleke hospitali. Ukatabasamu tu."

Gwakisa akasimama. "Gwantwa, nimevaa nini nikija?"

"Si ni lile shati lako la drafti. Lisilo na kifungo."

Akampigia Diana. Alimwambia afute picha zote, sasa hivi. Diana akasema kwa upole kwamba Ijumaa kuna kikao na wajumbe, na mtu anayefuta picha za mama yake wiki hiyo ataulizwa maswali. Gwakisa aliwaza. Akasema basi, ziache. Ikinga angekwenda Jumamosi.

Ijumaa alikaa na wajumbe mpaka jioni, na walimpigia makofi.

Jumamosi asubuhi alifungua simu akiwa anavaa viatu. Chini ya ile picha ya mama kulikuwa na maoni mapya mamia. Pole mheshimiwa. Pole kwa msiba. Tumekuona makaburini, Mungu akutie nguvu.

Hakuna aliyekuwa amempigia. Angepigiwa na nani, wakati alikuwepo?

Aliendesha kama kichaa. Mpemba. Isongole. Itumba. Kisha milima, na ukungu juu ya migomba. Alikuwa anaongea peke yake njia nzima, anamwambia mama yake amsubiri, ingawa alijua.

Alifika saa saba mchana. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, kwenye makaburi ya ukoo kando ya nyumba. Watu walikuwa wameketi kwenye nyasi, wanakula. Walimwona. Wakaacha kula.

"Umesahau kitu, mheshimiwa?" aliuliza mzee wa kanisa, Andongwisye.

"Ndiyo kwanza nafika, mzee."

Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu.

Gwantwa alimfuata, macho yamevimba. "Ulikuwa naye tangu jana mchana. Amekata roho mkono wako ukiwa begani kwake. Asubuhi umetupa udongo wa kwanza. Ulikuwa unatabasamu, kaka. Mbele ya watu wote."

Gwakisa akaenda kaburini, akainama, akachota udongo. Andongwisye akamshika kifundo cha mkono.

"Hapana. Kwetu mtu hamtupii marehemu udongo mara mbili. Wewe umeshamzika mama yako."

"Sijamzika."

"Tumekuona."

Akabaki ameshika ule udongo. Mzee hakumwachia mpaka alipoumwaga pembeni, kwenye majani.

Hakunyoshewa mkono na mtu. Akazunguka nyuma ya nyumba, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Kwenye kamba ya kuanikia lilining'inia shati la drafti za bluu. Maji yalikuwa bado yanadondoka.

"Mama alilifua jana asubuhi," Gwantwa alisema kwa mbali. Hakutaka kusogea. "Nilimkuta nalo kitandani, wewe hupo, akasema umemwachia. Nilimkataza, nguvu hana. Akasema mtoto hawezi kurudi mjini na shati chafu. Mchana ukarudi, ukalivaa bichi hivyo hivyo. Kule makaburini lilikuwa linachuruzika. Nimelikuta tena hapo kwenye kamba."

Gwakisa alilianua. Lilinuka sabuni ya mche na moshi wa jikoni. Akalibeba hadi kwenye gari lake na kufungua buti. Shati lake la drafti lilichanika zamani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeligeuza tambara la kufutia vioo. Akapekua chini ya jeki. Tambara lilikuwepo, drafti zile zile, limekolea grisi. Penye kifungo cha pili palikuwa na nyuzi mbili tu zilizokatika.

Akaanza kulia. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni, pole juu ya pole, na pale uani hakuna aliyemkaribia.

Kisha akalikunjua lile shati bichi. Kifungo cha pili kilikuwepo. Kimeshonwa kwa uzi mweusi, mshono wa mtu asiyeona vizuri, umezungushwa mara nyingi ili usikatike.