Hatukosi Kitu

Je, umewahi kuulizwa shida yako na mkubwa wa serikali, nawe ukajibu huna shida, huku viatu vyako vimejaa tope? Mume wangu, Hedi, alijibu hivyo kwa miaka mingi.

Tunakaa Ain Safsaf, Tunisia, mbali na bahari. Tuna mizeituni kumi na minne, kondoo sita na mjukuu mmoja, Eya. Shule yake iko ng'ambo ya korongo. Kiangazi, korongo ni mawe matupu. Mvua zikinyesha, maji hushuka kwa kishindo, naye Eya hubaki nyumbani. Mwaka mmoja alikosa siku ishirini na tatu. Nilizichora kwa mkaa ukutani, kando ya tanuri langu la mkate.

Mama yake akasema, "Mwakani simpeleki tena. Afadhali asijue kusoma kuliko nimzike."

Nilimtazama Hedi. Hedi alitazama mizeituni yake.

Alikuwa amezoea kunyamaza. Zamani, kabla rais hajakimbia nchi, gavana alipotaka kututembelea, lori lilitangulia na vyungu vya maua. Vilipangwa njiani. Gavana akishapita, vyungu vinarudi kwenye lori. Kimoja kilipasuka wakakiacha, nami nimepanda mnanaa ndani yake.

"Mnakosa nini, mzee?" gavana alimuuliza Hedi siku moja. Mtu wa chama tawala alikuwa amesimama nyuma ya Hedi.

"Hatukosi kitu," Hedi alijibu.

Rais alipokimbia tulishangilia. Kisha miaka saba ikapita. Bei zikapanda, na wakubwa wakagombana kwenye televisheni. "Wamebadilisha kofia tu," Hedi akawa anasema. Ndipo tukasikia kuna uchaguzi wa halmashauri ya mji, na safari hii hata sisi wa vijijini tumo.

Jirani yetu Radhia, mwalimu, alikuja na boksi la viatu. Alilitoboa juu. Akatundika blanketi langu kwenye kamba ya nguo, akampa Hedi kalamu na karatasi.

"Ami Hedi, ingia nyuma ya blanketi upige kura ya majaribio."

Hedi aliingia. Alitoka ameikunjua karatasi, ameiinua mpaka kifuani.

"Unamwonyesha nani?" Radhia akauliza.

"Msimamizi. Aone sijakosea."

Radhia hakucheka. Alijua. Zamani kila chama kilikuwa na karatasi ya rangi yake, na ya chama tawala ilikuwa nyekundu. Ulitoka umeshika zile ulizoziacha, ili waone kwamba nyekundu haimo mkononi, umeitumbukiza.

"Sasa karatasi ni moja, ina orodha zote," Radhia alieleza. "Unaweka alama kwenye kisanduku kimoja tu. Ukiweka kwenye viwili, kura imeharibika. Unaikunja kabla hujatoka. Usimwonyeshe msimamizi, wala mimi, wala shangazi."

"Hata mimi?" nikadakia. "Miaka arobaini namfulia soksi!"

"Hata wewe, shangazi."

Hedi akatabasamu. "Hiyo demokrasia naanza kuipenda."

Siku ya kura tulichovya vidole kwenye wino wa buluu. Hedi alikaa kibandani mpaka watu wakaanza kukohoa. Alitoka na karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kama tende. Alimchagua nani? Nimemuuliza hata siku nilizompikia kondoo. Hasemi.

Radhia akatuambia, "Kura ni nusu ya kazi. Vikao vya halmashauri viko wazi. Mkikaa kimya, watadhani mmeshiba."

Nisikudanganye, daraja la korongoni tuliloliomba halikuja upesi. Madiwani waligombana. Wawili walijiuzulu. Nondo zilifika, saruji ikachelewa, nasi tukarudi kikaoni mara nne kuuliza. Wengine kijijini walisema zamani kulikuwa na utaratibu. Mimi niliwajibu kwamba zamani kulikuwa na maua ya kuazima. Msimu wa pili wa mvua, Eya alivuka daraja kwa miguu yake, na mama yake akiwa amesimama ng'ambo hii ameshika mdomo. Ukuta wangu wa tanuri nimeupaka chokaa. Hakuna alama hata moja.

Lakini siku ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kikao cha kwanza. Tulikaa safu ya nyuma. Hedi alivaa kofia yake nyekundu ya sherehe. Diwani mmoja, binti kijana, alifika kwetu akauliza, "Na ninyi wa Ain Safsaf, mnakosa nini?"

Hedi akasimama. Nikamsikia anaanza, "Hatukosi..."

Akageuka kutazama nyuma yake. Palikuwa na ukuta tu, na koti la mtu limetundikwa msumarini.

"Sema, mzee," nikamnong'oneza. "Hakuna mtu."

Akavua kofia, akaikumbatia.

"Binti yangu," alisema, na sauti yake ikafika mpaka mlangoni, "tunakosa daraja. Mjukuu wangu anataka kusoma. Tumelikosa daraja hilo tangu mimi mwenyewe ni mtoto, na mimi nililitaka pia."