Kura ya Mama wa Kandida

Mama Vestine alikuwa anachambua maharagwe mbele ya nyumba yake, pale Mubi. Ungo ulikuwa juu ya magoti. Barabarani malori makubwa yalipita, yakirusha matope mpaka karibu na mlango. Hakuinua kichwa. Alikuwa amezoea. Ilikuwa miaka mitatu tangu vita vimfukuze kwenye mlima wake wa Nyabiondo, akaja kukaa hapa Mubi, upande wa Walikale, katikati ya msitu.

Jirani yake Fifi alikuja mbio, viatu mkononi.

"Mama Vestine! Mutoto yako iko kwa ukuta ya duka!"

"Iko anafanya nini kwa ukuta?"

"Picha yake! Anavaa kravati! Kuja uone!"

Wakaenda. Kweli, kwenye ukuta wa duka la sabuni kulikuwa na picha ya Honoré, mtoto wake wa kwanza. Chini ya picha kulikuwa na maandishi na nambari kubwa nyekundu. Mama Vestine hakujua kusoma maandishi, lakini nambari alizijua. Nne na saba. Arobaini na saba.

Honoré Byamungu alikuwa avoka. Watu walimwita Maitre, kama wanavyoitwa mawakili wote. Kabla ya hapo alikuwa bourgmestre, yaani mkuu wa mji, katika mji mdogo wa upande huo. Alikaa miaka minne kwenye kazi hiyo. Alijenga paa la soko, na kila Ijumaa alifungua mlango wa ofisi ili mtu yeyote aingie aseme shida yake. Sasa alikuwa kandida, yaani mgombea: alitaka kuwa depite, mbunge wa provinsi, akae pamoja na wale wanaopitisha sheria za Kivu ya Kaskazini yote. Alikuwa anazunguka kwa pikipiki, kijiji kwa kijiji, na kila mahali alisema, "Nitashinda."

Fifi alitazama picha, akakuna kichwa.

"Sasa, Mama Vestine, siku ya kura tutamupata namna gani mule mu mashini?"

Mama Vestine akaitazama tena ile arobaini na saba. Swali hilo lilikuwa linamuuma tangu muda mrefu. Kura ya mara iliyopita, akiwa bado Nyabiondo, aliingia kwenye biro ya kura na kuona mashini yenye kioo kinachowaka. Aliogopa kuigusa. Kijana mmoja mwenye kofia alimwambia, "Mama, acha nikusaidie." Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, karatasi ikatoka. Mama Vestine akaitia kwenye sanduku. Mpaka leo hajui alimpigia nani kura.

Walipokuwa bado wamesimama pale, Kanyamibwa akafika. Huyu ndiye aliyeongoza kampeni ya Honoré katika kartiye yao, yaani mtaa wao. Alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mzuri.

"Mama zangu, musisumbuke na mashini," alisema. "Mimi nitakuwa karibu na mulango ya biro. Mama yeyote asiyejua kusoma, nitaingia naye. Nitamubonyezea arobaini na saba. Kazi imekwisha!"

Wanawake wakacheka, wakapiga makofi. Mama Vestine naye alicheka. Lakini alipofika nyumbani na kushika ungo wake tena, kicheko kilikuwa kimekwisha. Alikuwa anamwona yule kijana mwenye kofia.

*

Kesho yake saa tisa alasiri alikwenda kwa Gentille.

Gentille alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Majuma hayo, baada ya masomo, alifundisha watu wakubwa mambo ya uchaguzi katika salle ya paroisse, ule ukumbi wa parokia. Alikuwa amekata karto, boksi gumu la sabuni, akachora juu yake kioo cha mashini, nambari na vifungo vyake. Wanawake kama ishirini walikuwa wamekaa kwenye viti virefu. Fifi alikuwa kati yao.

"Tuanze," Gentille alisema. "Unafika kwa biro. Unaonyesha karte yako ya kura. Wanaangalia jina yako kwa liste. Kisha wanakupa karatasi. Utaingiza wapi?"

"Mu mashini," wakajibu.

"Njo vile. Sasa kioo kinakuonyesha uchaguzi moja moja. Kwanza rais. Kisha depite wa taifa. Kisha depite wa provinsi. Kila mara unaandika nambari ya mutu unayemutaka. Picha yake inatoka. Angalia sura yake muzuri. Njo yeye? Bonyeza kukubali. Haiko yeye? Usikubali! Bonyeza kurudi nyuma, uandike tena."

"Na watu wa nyuma wakisema niko nachelewa?" mama mmoja aliuliza.

"Wangoje. Ile dakika iko ya kwako."

Kisha Gentille akaeleza yanayobaki. Mashini ikimaliza, inatoa karatasi yenye picha za watu uliowachagua. Unaitazama kwanza. Unaikunja. Unaitia kwenye sanduku wewe mwenyewe. Wanakupaka wino kwenye kidole ili usirudi mara ya pili.

Mama Vestine akainua mkono.

"Mwalimu, kama kuko mutu anataka kuingia naye mama wazee, awabonyezee. Ile iko muzuri?"

"Mama, kuko mutu asiyeona. Kuko mwenye mikono yake iko mugonjwa. Huyo sheria inamuruhusu kusaidiwa. Lakini yeye mwenyewe njo anachagua wa kumusaidia, mutu wa kuaminia, mwenye karte ya kura. Yule anayesimama kwa mulango kungojea wazee, huyo hasaidie. Anawanyanganya kura."

"Hata kama iko anawabonyezea mutu muzuri?"

"Hata kama."

Wanawake wakamgeukia. Wote walijua Mama Vestine ni mama wa nani.

Gentille akawapanga wawili wawili wajaribu kwenye karto. Mama Vestine akawa na Fifi. Fifi aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini.

"Mama Vestine, usinikasirikie. Mimi sitapiga arobaini na saba. Kuko ule mama wa kooperative ya mafuta ya mangazi, ile mawese, nambari kumi na mbili. Mimi njo yeye niko nataka."

Mama Vestine alimtazama. Maneno yalimchoma, hakuweza kuficha. Fifi alikula kwake. Fifi alimbeba mgongoni siku yeye Mama Vestine alipougua malaria. Na sasa kura yake inakwenda kwingine! Alitaka kusema, "Basi mutafute mwenye kukufundisha." Kinywa kilikuwa kimeshafunguka.

Lakini alimwona Fifi akiwa amesimama mbele ya karto, kidole juu, hajui pa kuanzia. Alikijua kidole cha namna hiyo.

"Bonyeza moja," alisema. "Sasa mbili. Njo ile. Sura ya nani imetoka?"

"Ya mama wa mangazi," Fifi akajibu, akacheka.

"Basi bonyeza kukubali. Rudia tena. Mara ii usiniangalie miye, angalia mashini."

Walirudia mpaka jua likateremka upande wa msitu. Mama Vestine alirudi siku iliyofuata, na siku nyingine. Siku ya nne Gentille alimwachia karto yote, akamwambia afundishe yeye.

*

Jumamosi Honoré alifika, buti zimejaa matope. Alimkumbatia mama yake, akakaa kwenye kiti kidogo. Kanyamibwa alikuwa naye. Mama Vestine aliwapa mihogo na sombe, majani yake yaliyotwangwa, akangoja waanze kula. Kisha akasema.

"Honoré, Kanyamibwa anataka kuingia na mama wazee kwa biro. Ulijua?"

Honoré akageuka. "Ni kweli?"

"Maitre, iko kusaidia tu," alisema Kanyamibwa. "Wale mama wanakupenda. Lakini hawajue mashini. Tukiwaacha peke yao tutapoteza kura mingi sana. Ma kandida wengine wanafanya vile vile!"

Honoré aliacha kula. Mama yake alimwangalia usoni. Alijua anapiga hesabu ya kura zile kichwani, na alijua ni nyingi. Akaongea kabla mtoto hajajibu.

"Mara iliyopita mutu alinisaidia vile. Sijue alinipeleka kwa nani. Nilitoka mule biro kama mutu ameibiwa nguo. Kama watu yako wanafanya mama wa watu vile, Honoré, usitumie jina yangu mu kampeni yako."

Kanyamibwa akatazama chini. Honoré akatabasamu, tabasamu lile lile la utoto wake alipokamatwa na kosa.

"Kanyamibwa, kaka yangu, hakuna mutu wetu atasimama kwa mulango. Mimi niko avoka. Wakinipeleka kwa tribinali kwa sababu ya kura za wizi, nitasimama niseme nini? Na mimi sikuwa bourgmestre miaka ine bure. Watu wanajua kazi yangu. Wakijua na mashini, watanipata wenyewe. Nitashinda vile."

"Na wale wasiojua?"

"Iko siku ine. Tuma watu yako wawapeleke wajifunze."

"Kwa Mwalimu Gentille?"

"Kwa yeye," Honoré alisema, "ao kwa mama yangu. Nasikia naye iko mwalimu sasa." Akamgeukia mama yake. "Mama, mimi nitapiga kura kule mbali, na kandida hafai kuingia na mutu. Utaweza peke yako?"

"Nani alikuomba?" Mama Vestine akajibu. "Kula, mihogo inapoa."

Kanyamibwa alikuwa mtu wa kuelewa akishaambiwa. Siku nne zile alizunguka kartiye yote, na kila alasiri alileta wamama kwenye salle. Hakuwauliza watampigia nani.

*

Siku ya kura mvua ilinyesha asubuhi. Mstari ulikuwa mrefu. Mama Vestine alifunga kitambaa chake kizuri cha kanisani, akaweka karte ndani ya plastiki. Zamu yake ilipofika, mtu wa biro aliangalia liste, akapata jina, akampa karatasi.

"Mama, unaweza?" aliuliza yule anayeangalia mashini.

"Unionyeshe tu pa kuingiza karatasi. Ingine nitafanya mwenyewe."

Kioo kikawaka. Kilikuwa na mwanga, si kama ile karto, akakaza macho. Rais. Alichagua. Depite wa taifa. Alichagua. Ikafika zamu ya provinsi. Aliandika nne. Kisha kidole chake kikateleza, kikagusa moja. Picha ya mwanamume asiyemjua ikatoka, mwenye sharubu.

Nje mtu alisema, "Huyu mama amelala mule?"

Mkono ulitaka kubonyeza chochote ili mambo yaishe. Akaurudisha nyuma, akauweka kifuani. Ile dakika ilikuwa ya kwake. Akatafuta kifungo cha kurudi, akakiona, akakibonyeza. Yule mwenye sharubu akaondoka. Akaandika polepole. Nne. Saba.

Honoré akatokea, na kravati yake.

"Njo wewe," alisema Mama Vestine, akabonyeza kukubali.

Karatasi ikatoka. Aliitazama vizuri, picha kwa picha. Akaikunja, akaitia kwenye sanduku kwa mkono wake. Walipompaka wino, alikiinua kidole akakitazama kwa muda, kama msichana aliyevaa pete. Nje alimkuta Fifi, naye ana wino. Hawakuulizana kitu. Walishikana mikono, wakarudi nyumbani wakiimba.

*

Matokeo yalichukua siku nyingi. Yalipotangazwa kwenye redio, Mama Vestine alikuwa sokoni. Honoré Byamungu alikuwa amepita. Kanyamibwa, aliyekuwa hapo karibu, alirusha kofia yake juu, ikaanguka ndani ya beseni la mawese, na hakujali. Yule mama wa mangazi hakupita, lakini alipata kura nyingi kuliko watu walivyofikiri. Kwenye biro alikopigia kura Mama Vestine, aliyesimamia kuhesabu alisema hajawahi kuona kura chache hivyo zilizoharibika.

Miezi michache baadaye Honoré alirudi Mubi kusalimia watu. Salle ya paroisse ilijaa mpaka madirishani. Alisema kidogo, kisha akauliza nani ana swali. Watu walitazamana. Ni depite, na wengi waliona haya.

Fifi akasimama.

"Maitre, mimi sikukupigia kura. Mama yako anajua, njo yeye alinifundisha." Watu wakacheka. Fifi hakucheka. "Lakini sasa uko depite yangu. Daraja ya kwenda kwa mashamba imeanguka. Mama wawili wameanguka mu maji na mizigo. Utaijenga lini?"

Honoré alisimama wima.

"Asante, dada. Nikikuambia nitaijenga, nitakudanganya. Depite hajenge daraja. Gavana na ministre wake wa barabara njo wanajenga. Kazi yangu iko kuwaita mbele ya assemblée, ile bunge ya provinsi, niwaulize mbele ya watu wote kwa nini haijengwe, na wanajibu. Nipe majina ya wale mama wawili, na siku walianguka. Nitauliza mwezi huu. Kisha nitarudi hapa niwaambie walijibu nini."

"Tutakungoja," Fifi alisema. "Na usiporudi?"

Honoré alifungua kinywa, lakini sauti ya Mama Vestine ilitoka kwenye kiti cha mbele kabla yake.

"Asiporudi, kura ingine ikifika, sisi wote tunajua kifungo cha kurudi nyuma."

Salle yote ikalipuka kwa kicheko. Honoré naye alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akatoa kalamu, akamwomba Fifi ataje jina la mama wa kwanza.